Namna ya Kuamsha SDK-85 Iliyolala Ghalani

Niliyopewa mimi ilikuwa imefungwa gazeti na kusukumwa nyuma ya rafu, kwenye ghala la chuo kimoja cha ufundi mkoani Tanga. Mende walikuwa wametaga mayai kati ya vitufe. Nilipoifungua nikaona tarakimu sita za taa nyekundu, vitufe 24, chipu ndefu zenye miguu 40, na eneo pana la bodi lenye matundu matupu yakisubiri kazi ya mtu. Aliyenipa aliniambia, "Fundi, hii ilishakufa, chukua vipuri." Haikuwa imekufa. Wewe ukiikuta ya aina hii, au zile bodi za kufundishia 8085 zilizotengenezwa India na kusambaa vyuoni, nakuomba usiichinje kwa ajili ya vipuri kabla hujasoma nitakayoyasema.

Kwanza uijue. Chipu ya 8085 ilitolewa na Intel mwaka 1976, na ile 5 ya mwisho katika jina lake inaeleza kwamba inatosheka na umeme wa volti 5 peke yake, wakati kaka yake 8080 alidai volti za aina tatu. SDK-85 ikafuata muda mfupi baadaye, kama vifaa vya kujiundia: mhandisi aliyetaka kubuni, tuseme, mizani ya kielektroniki, alinunua pakiti, akailehemu mwenyewe, akajaribia programu zake juu yake kabla ya kutengeneza bidhaa. Ndiyo maana ya lile eneo la matundu. Jamaa zake 8085 walifika mbali: gari dogo la Sojourner lililotembea juu ya sayari ya Mirihi mwaka 1997 liliongozwa na 80C85.

Katika habari hiyo kuna jambo moja la kulishika. Bodi hii haikulehemiwa kiwandani, aliilehemu mnunuzi. Kwa hiyo kila SDK-85 ina mkono wa mtu wake. Ipo iliyolehemiwa vizuri kama pambo la sonara, na ipo yenye risasi iliyoganda vibaya tangu siku ya kwanza, ikafanya kazi kwa bahati miaka michache kisha ikagoma. Chukua kioo cha kukuzia, geuza bodi, upitie kila kilehemu. Kizuri kinang'aa na kimeukumbatia mguu pande zote. Kibaya kina rangi ya majivu, au kina duara jembamba jeusi kuuzunguka mguu, kama ufa wa chungu. Kipitishe pasi ya moto na risasi mpya kidogo. Siku hiyo usifanye jingine.

Ukimaliza, kagua lile eneo la matundu. Wanafunzi wa miaka mingi wameunganisha nyaya zao pale, wengine wakaondoka na kuacha vipande. Waya mmoja uliokatika ukigusa njia ya data unatosha kuinyamazisha bodi nzima. Piga picha kabla hujaondoa chochote, kisha chora kila waya unatoka wapi na kwenda wapi. Nimewahi kuondoa waya niliodhani ni mabaki, kumbe ulikuwa umewekwa kuziba njia ya shaba iliyokatika.

Sasa kusafisha. Kwetu pwani adui ni chumvi. Hewa ya bahari ikikaa juu ya shaba miaka thelathini huacha unga wa kijani, na unga huo hula njia nyembamba taratibu kama mchwa. Mkojo wa panya na uchafu wa mende hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi zaidi. Tumia mswaki laini na spiriti safi aina ya aisopropili. Penye kijani kingi, osha kwanza kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Hapo uwe macho dukani, kwa sababu ukiagiza "maji ya betri" bila kufafanua unaweza kupewa asidi. Kisha acha bodi ikauke siku nzima kivulini, penye upepo. Dawa ya kulegezea nati usiipulize kwenye vitufe. Inaacha mafuta, na mafuta yanakusanya vumbi.

Usiwashe bado. Weka mita kwenye ohmu, pima kati ya njia ya volti 5 na njia ya hasi. Ikisoma ohmu moja au mbili, kuna shoti, na mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita za tantalamu, zile zinazofanana na punje ya harage. Zikizeeka hupiga shoti zenyewe. Kuikuta iliyo mbovu bila kung'oa zote, weka pawa saplai kwenye volti 1 tu, uizuie isipitishe zaidi ya nusu ampea, halafu gusa kapasita moja moja kwa kidole. Kwa volti 1 chipu haziamki, kwa hiyo hazidhuriki, lakini kapasita yenye shoti itapata joto. Ing'oe hiyo.

Umeme wenyewe uwe wa pawa saplai unayoweza kuiwekea kikomo cha ampea. Adapta ya kuokota usiitumie. Zipo zilizoandikwa 5 na kutoa 8, na 8085 haivumilii zaidi ya 7 kwenye mguu wowote. Intel walisema SDK-85 inahitaji kama ampea 1.3. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Chipu hizi zinataka kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukitumia nyaya nyembamba zenye ukinzani wa ohmu 0.2 tu, ampea 1.3 zikipita unapoteza volti 0.26 njiani, na chipu inabaki na 4.74. Pawa saplai inaonyesha 5 kamili, wewe unaamini, bodi inayumba, na unamaliza wiki ukimsaka mchawi. Pima penyewe, juu ya 8085: mguu wa 40 ni chanya, wa 20 ni hasi. Nyaya ziwe nene na fupi.

Kama chipu kubwa ziko kwenye soketi, zichomoe zote kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Tumia bisibisi mbili bapa, kila upande moja, ukiinua milimita kwa milimita, upande huu kisha ule. Miguu ya chipu za zamani imekauka. Ukiipinda mara mbili inakatika, na mguu uliokatika ni msiba. Utaona mingine imekuwa myeusi. Ile ni fedha iliyopakwa juu yake, imeungana na salfa ya hewani. Isugue kwa kifutio cheupe cha mwanafunzi, kutoka juu kwenda chini, ukiiegemeza kwa kidole nyuma. Na hakikisha umechora kishimo cha kila chipu kinaelekea wapi. Chipu ikiingia kinyume haikupi nafasi ya pili.

Ziweke mezani juu ya karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Usizirudishe kwenye sponji nyeusi ya zamani iliyokuja nazo. Sponji ile ikioza hutoa kemikali inayokula miguu.

Washa bodi tupu, pima volti kwenye kila soketi. Zikiwa sawa, zima, rudisha chipu, washa tena huku jicho likiwa kwenye ampea. Zikipanda kuelekea ampea moja na kutulia, vizuri. Zikigonga kikomo, zima upesi.

Tuseme umewasha, umebonyeza RESET, na tarakimu zote ziko giza. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanaagiza 8085 nyingine. Tafadhali, usibadilishe kitu kwa kubahatisha. Soko la chipu za zamani limejaa bandia, zilizofutwa maandishi na kuchapwa upya. Ukiweka mpya isiyo nzima mahali pa ya zamani iliyo nzima, sasa una matatizo mawili na hujui ni lipi la kwanza. Pima kwa mpangilio ambao bodi yenyewe huamkia: umeme, mapigo ya saa, riseti, kisha mazungumzo kati ya chipu na chipu. Usiruke hatua.

Mapigo ya saa yanatoka kwenye kristali ya megahezi 6.144, 8085 inayagawa kwa mbili na kutoa 3.072 kwenye mguu wa 37. Mwenye osiloskopu ataona mara moja. Asiye nayo atumie redio ya masafa mafupi. Megahezi 6.144 inaangukia ndani ya bendi ya mita 49, ile waliyosikilizia wazee wetu matangazo ya nje, na redio nyingi za zamani zinayo. Sogeza antena karibu na kristali, weka mshale karibu na 6.14, washa na kuzima bodi. Kristali ikiwa hai, bodi ikiwaka ule mvumo wa redio unafifia na kuwa kimya, ukizima unarudi. Mara ya kwanza niliposikia ukimya ule nilijua kwamba ndani ya bodi kuna kitu kinadunda.

Kisha riseti. Bodi yangu ilikwama hapa, nami nieleze kwa urefu kwa sababu ni ugonjwa wa kawaida. Mguu wa 36 wa 8085 ndio unaopokea riseti. Ukiwa chini, chipu inasubiri; ukipanda, inaanza kazi. Umeunganishwa na rezista yenye ohmu nyingi inayouvuta juu, na kapasita ndogo inayouchelewesha hadi umeme utulie. Nilipoupima ulisoma volti 1.2. Nikasubiri dakika nzima, bado 1.2. Kwa mujibu wa jedwali la Intel, mguu huo lazima ufike angalau 2.4 ndipo chipu ihesabu kwamba riseti imekwisha. Nikapima mguu wa 3, ambao hutangaza riseti kwa chipu nyingine: ulikuwa juu. Maana yake 8085 ilikuwa nzima kabisa, imekaa tayari, inasubiri ruhusa, na wenzake wote wameambiwa wasubiri nao. Nikainua mguu mmoja wa ile kapasita kwa ncha ya pasi. Palepale mita ikaruka hadi 4.9. Kapasita ilikuwa inavuja, uvujaji mdogo ambao kwingine usingeonekana, ila mbele ya rezista dhaifu kama ile ulitosha kuuzuia mguu usipande. Nikaweka kapasita mpya, nikawasha, nikabonyeza RESET. Tarakimu zikaandika: -80 85.

Kama riseti yako ni nzima na bado giza, pima mguu wa 35, unaoiambia chipu kwamba wenzake wako tayari: uwe juu. Wa 39, unaoiomba isimame: uwe chini. Kisha gusa mguu wa 30 kwa kalamu ya kupimia mapigo. Mguu huo hupiga kila 8085 inapotoa anwani. Ukipiga mfululizo, chipu inatembea, na kosa liko mbele yake. Ukiwa kimya ilhali saa na riseti ni nzima, hapo una haki ya kuishuku 8085.

Kabla hujaenda mbele zaidi, tazama swichi inayochagua kati ya vitufe na mashine ya teletaipu. Kila baada ya riseti, programu ya monita, ile inayoiendesha bodi, huuliza mguu wa 5 wa 8085: mwenye bodi anatumia kipi? Ikijibiwa teletaipu, inaongea na teletaipu na kuziacha tarakimu. Mwanafunzi fulani alisukuma swichi hiyo zamani, na bodi nzima ikaandikwa mbovu. Sukuma swichi mara kadhaa pia ili kuondoa kutu ndani yake.

Monita iko ndani ya chipu ya ROM inayoitwa 8355, baiti 2,048. Maagizo yake ya kwanza kabisa, kuanzia anwani 0000, yanaandika kwenye anwani 1900, yaani kwa 8279, chipu inayohudumia vitufe na tarakimu. Kwa hiyo ukibonyeza RESET huku umegusa kalamu kwenye mguu wa kuchagulia 8279 na huoni pigo lolote, ama ROM haisomeki ama chipu ya 8205 inayogawa anwani haifanyi kazi. Anza na 8205. Ni rahisi, na mpangilio wa miguu yake ni ule wa 74S138 inayopatikana hadi leo. ROM ndiyo kipuri chenye thamani kuliko vyote hapa. Haisomeki kwa mashine za kawaida za kusomea chipu, kwa sababu anwani na data hupita kwenye miguu ileile kwa zamu. Ukibahatika kuwa na bodi nzima ya pili, isome kupitia hiyo, uhifadhi nakala.

Tarakimu nazo zina lugha yao. Mstari mmoja uleule ukikosekana kwenye tarakimu zote sita, tatizo ni transista inayosukuma mstari huo. Tarakimu moja ikiwa giza na nyingine zinawaka, tazama transista ya tarakimu hiyo, au tarakimu yenyewe. Tarakimu moja tu ikiwaka kwa ukali wa ajabu na nyingine zimelala, zima haraka: 8279 imeacha kuzungusha. Huwa inaziwasha kwa zamu upesi hata jicho lisitambue, ikitumia mapigo ya 8085 iliyoyagawa kwa 31, yaani karibu kilohezi 100. Yakikosekana mapigo, zamu inasimama, na tarakimu iliyoshikwa inaungua.

Kitufe kisichoitika kibonyeze mara hamsini kwanza, kisha tone moja la spiriti, kisha tena. Vingi hurudi.

Mashine ikiandika -80 85, ipe kazi. RAM yake ya msingi ni baiti 256 tu, kuanzia 2000 hadi 20FF, ndani ya chipu ya 8155. Kuanzia 20C2 kwenda juu ni mali ya monita, usipaguse. Bonyeza SUBST MEM, andika 2000, bonyeza NEXT. Sasa andika baiti hizi nane, ukibonyeza NEXT baada ya kila moja, na ya mwisho uifunge kwa EXEC: 3E, 05, C6, 03, 32, 50, 20, CF. Zinasema: chukua 5, ongeza 3, jibu liweke kwenye anwani 2050, rudi kwa monita. Bonyeza GO, andika 2000, bonyeza EXEC. Halafu SUBST MEM, 2050, NEXT. Ukiona 08, basi 8085, ROM, RAM, vitufe na tarakimu vyote vimeongea na kuelewana.

Ukiona kitu kingine, pima RAM. Andika 55 kwenye anwani kadhaa, uzisome, kisha andika AA, uzisome tena. Kwa biti, 55 ni 01010101 na AA ni kinyume chake. Biti iliyoganda lazima ijitokeze kwenye mojawapo. Biti ileile ikikosea kila mahali, usiilaumu 8155 bado. Tazama soketi yake na kilehemu cha mguu unaobeba biti hiyo. Mara nyingi nimekuta kosa hapo.

Iache ikiwaka saa mbili. Chipu zitakuwa vuguvugu, hilo ni sawa. Isiyovumilika kwa kidole ina tatizo. Bodi ikigoma ikishapata joto, puliza hewa ya kawaida juu ya chipu moja moja hadi irudi, nawe utakuwa umemjua mgonjwa. Siku za mgao wa umeme, chomoa kabla haujarudi.

Mtu ataniuliza, kwa nini kuhangaika na mashine yenye baiti 256 wakati simu ya mtoto ina mabilioni? Kitabu cha maelezo cha SDK-85 kilichapisha mchoro wote wa saketi na programu yote ya monita, agizo kwa agizo, pamoja na ufafanuzi wake. Mwanafunzi anaweza kubonyeza kitufe, kufuata umeme wake kwa kidole hadi kwenye 8279, kuona ombi likifika kwenye mguu wa 9 wa 8085, kisha kufungua ukurasa na kusoma maagizo yanayolijibu. Simu haimruhusu hata kuufungua mfuniko. Mimi nimefundisha vijana kwa bodi hii na kwa michoro ya kwenye skrini, na walioshika bodi ndio wanaouliza maswali mazito.

Kwa hiyo ninyi wenye funguo za maghala ya vyuo, kabla ya kuita mnunuzi wa chuma chakavu, fungueni kabati la chini. Mkikuta bodi yenye vitufe 24 na tarakimu sita, tafuteni na karatasi zake, maana mara nyingi kitabu kimebaki rafu ya pili, halafu mwiteni fundi mwenye mita.